Tabora: Mji Ambao Kila Nyumba Ilikuwa Ngome

Watu wanaokuja Tabora wakiwa wamesoma habari za misafara na vita vya Mirambo huniuliza ukuta wa mji uko wapi. Wameshaiona Fort Jesus ya Mombasa, wameshapita Ngome Kongwe ya Unguja pale Forodhani, wanadhani na sisi tutawapeleka kwenye lango kubwa lenye minara na mizinga iliyoshika kutu. Huwa nawajibu kwamba Tabora ya zamani haikuwa na ukuta wa mji. Ilikuwa na kuta nyingi, nene, za maana kabisa, lakini kila mwenye mali alikuwa na wake. Hilo ndilo lililouponza mji Agosti 1871, na nitalieleza kwa jinsi ninavyoliona mimi, kwa jicho la mwashi.

Nilianza kazi kwa kumkandia baba udongo hapa Isevya, nikaja kujifunza saruji na nondo kama wenzangu, na sasa magoti yamekataa ngazi. Baba alijenga kwa tofali mbichi maisha yake yote na alikuwa na maneno yake: nyumba ya saruji inajengwa na duka, nyumba ya udongo inajengwa na fundi. Kwake nilirithi tabia ya kuukagua ukuta kabla sijaambiwa habari zake. Naangalia mlango umekaa upande gani, maji ya mvua yanatokea wapi, na zaidi ya yote, huu ukuta umemweka nani ndani na umemwacha nani nje. Ukiizungukia Unyanyembe, nchi ambamo Tabora imo, kama ilivyokuwa karne ya 19, kwa swali hilo la mwisho, mambo mengi yaliyoandikwa kwa kirefu vitabuni yanakuwa mepesi.

Tuanze na njia. Kutoka Bagamoyo msafara ulipanda hadi Mpwapwa, ukakata Ugogo penye shida ya maji na hongo nyingi, yaani ushuru wa kupita, ukaingia Unyamwezi kupitia Tura, ukafika Unyanyembe. Hapo njia zilitawanyika: magharibi kuvuka Malagarasi na kupita Uvinza penye chumvi hadi Ujiji, kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, kusini kuelekea Ufipa. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika hapa Novemba 7, zaidi ya miezi minne. Mwandishi wa habari Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 21, 1871 na kufika Juni 23. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja, pembe zikishuka, vitambaa na shanga na bunduki zikipanda. Watumwa nao walishuka, kwa miguu yao.

Ngome ya kwanza ya njia hii ilikuwa ya usiku mmoja. Msafara ulipotua mahali pasipo na kijiji, watu walikata miiba wakaizungushia kambi. Mizigo iliwekwa katikati karibu na mwenye msafara, wapagazi wakalala pembeni kwa makundi, kila kundi na moto wake. Asubuhi kirangozi, kiongozi wa njia, akitoa ishara, wanaondoka, miiba inabaki. Msafara wa nyuma ukifika unaikuta, unaziba mapengo, unalala. Mtu anayetaka kuelewa mpango wa ngome yoyote duniani aanzie hapo: kitu cha thamani katikati, watu wa kukilinda pembezoni, kizuizi nje yao, na mlango mmoja tu.

Kijiji cha Kinyamwezi kilifuata mpango huohuo, ila kilikusudiwa kudumu. Kilizungushiwa magogo yaliyochimbiwa ardhini yakibanana, na nje yake mara nyingi palioteshwa mnyaa. Sijui kwa nini vijana wa leo wanaung'oa mnyaa na kununua senyenge. Mbuzi hali mnyaa, mbichi hauwaki kirahisi, na utomvu wake ukiingia jichoni utamtafuta mwenyewe anayekuongoza kurudi nyumbani. Baadhi ya magogo ya uzio yalichipua yakawa miti hai, uzio ukazidi kukaza mwaka hadi mwaka badala ya kuoza. Mlango ulikuwa kijia chembamba kati ya safu mbili za magogo, upana wa mtu mmoja au ng'ombe mmoja, na usiku kiliwekewa magogo mazito kwa ndani. Adui akipita hapo hawezi kupita na wenzake ubavuni, na mkuki haumwachi aliyetangulia.

Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi, maghala, na iwanza, jengo la wanaume walikoshinda wakipiga soga, wakichonga, wakipokea wageni, silaha zao zikiwa karibu. Mashamba yalikuwa nje. Wanaovamia walipenda alfajiri, kabla watu hawajafungua, au msimu wa kilimo watu wakiwa mashambani, kwa hiyo mwanangwa, mkuu wa kijiji, alilazimika kujua kila siku nani katoka na nani karudi.

Vijiji vingi vya aina hii vilikaribia duara, na hapa nitapiga hesabu kidogo kwa sababu inanifurahisha. Ukiwa na uzio wa mita 100 ukauzungusha duara, unapata eneo la karibu mita za mraba 796. Uzio uleule ukiupiga pembe nne sawa, unapata 625. Mtu anayekata magogo kwa shoka na kuyabeba begani hahitaji kufundishwa hesabu hiyo darasani; mgongo wake unaijua. Msitu wa miombo una miti mingi, lakini kila gogo ni jasho.

Bunduki za gobori zilipoenea, mambo yalibadilika. Gogo linazuia mkuki na mshale, lakini risasi hupita kwenye mwanya, na nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi huteketea kwa kijinga kimoja cha moto kikirushwa juu ya uzio. Ukuta wa udongo wa dhiraa moja au zaidi hauna matatizo hayo. Risasi ya gobori inazama humo kama imezikwa. Ndiyo maana tembe lilipata umaarufu.

Tembe ni nyumba ndefu ya paa bapa. Vyumba vinafuatana kwa mstari, mstari unakunja kona, unakunja tena, mpaka unafunga ua katikati. Migongo ya nyumba ndiyo ukuta wa nje. Hakuna tofali linalopotea: ukuta unaokulinda ndio huohuo unaoegemeza kitanda chako. Wagogo walijenga yao ya kwao, mafupi, unaingia umeinama. Huku kwetu yalikuwapo ya fito na udongo, na ya tofali mbichi. Udongo bora ni wa kichuguu. Mchwa wameshauchekecha na kuuchanganya, ukikauka unakuwa mgumu ajabu; na ni haki wao wachangie, maana baadaye watakuja kula boriti.

Paa ndipo fundi anapojulikana. Unalaza boriti nene, juu yake fito, juu ya fito nyasi au magome ya miti, yaleyale ambayo warina asali wetu hutengenezea mizinga, kisha unamwaga udongo na kuushindilia. Lazima liinamie upande mmoja kidogo sana. Likiinama mno, mvua inaondoka na udongo. Lisipoinama, maji yanatuama na mwezi wa pili unaoga kitandani. Mvua za Tabora zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na kila mwaka kabla hazijaanza paa la tembe linataka udongo mpya. Moto hauliwezi kirahisi. Kilichokuwa kikiyaua matembe siku zote ni mvua na mchwa.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walipokuja kukaa Unyanyembe walilichukua tembe na kulitia mambo yao. Mahali pazuri pa kuona ni Kwihara, kilomita chache kusini magharibi ya mjini, kwenye tembe ambalo watu hulijua kwa jina la Livingstone, yule mmisionari na msafiri, kwa kuwa alikaa hapo na Stanley Februari na Machi 1872, na akabaki peke yake hadi Agosti 25 mwaka huo alipoanza safari yake ya mwisho. Jengo la asili lilikuwa limeanguka. Hilo tunaloliona lilijengwa upya miaka ya 1950, na sasa ni makumbusho. Naamini waliolirudisha walifuata misingi vizuri, kwa sababu mpango wake una akili.

Ukifika unakutana na mlango wa nakshi wa pwani. Wageni wengi wanapiga picha nakshi na kuondoka, lakini mimi naangalia uzito wa mbao na mahali pa komeo. Mbele kuna baraza. Hapo ndipo mgeni alipokaa, akapewa kahawa, bei zikazungumzwa, na mgeni wa aina hiyo angeweza kuja mara mia bila kuuona ua. Ukivuka mlango unaingia sehemu ya mwenyewe, kisha vyumba vya mali, pembe na majora ya vitambaa, ambavyo havina dirisha la nje la maana. Ua uko ndani kabisa: jiko, wanawake, watoto, shughuli zote za nyumba. Madirisha yanayotazama nje ni madogo, na yale yanayotazama uani ni makubwa. Nyumba imeipa dunia mgongo.

Nje ya jengo kuu palikuwa na bustani na vibanda. Wenyeji wa matembe walilima vitunguu, mpunga, ngano kidogo, ndimu, makomamanga, na maembe ambayo mpaka leo yanatuletea wateja stesheni. Vibanda vilikuwa vya watumwa na watumishi. Naomba msomaji akumbuke hivyo vibanda vilikuwa upande gani wa ukuta, tutarudi kwavyo.

Sasa, Burton alipofika 1857 na kuambiwa kwamba amefika Kazeh, kama eneo hili lilivyokuwa likiitwa, alitarajia mji. Alikuta matembe sita makubwa yaliyotapakaa, yakiwa na nyua, bustani, maghala na vibanda, na vijiji vya wenyeji katikati yake. Mwenyeji wake alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyesoma na kutembea sana. Kwa mujibu wa Burton, Waarabu waliokuwa Unyanyembe kwa wakati mmoja hawakuzidi sana 25. Fikiria watu 25 wenye pembe za thamani isiyosemeka, miezi mitatu kutoka baharini, hawajajenga hata boma moja la pamoja.

Kwa nini? Nimelifikiria sana nikiwa kwenye kiti changu cha barazani. Kwanza walikuwa washindani. Anayejua ghala lako lina nini anajua bei atakayomwambia mnunuzi wako. Pili kulima kunahitaji nafasi na visima. Tatu, na nadhani hili ndilo zito, nchi haikuwa yao. Unyanyembe ilikuwa na mtemi. Mtemi Fundikira alikufa mwaka 1858 hivi; aliyemfuata, Mnywa Sele, akataka ushuru, akagombana nao, wakamfukuza na kumsaidia Mkasiwa kukalia kiti. Makao ya Mkasiwa yalikuwa Kwikuru, na yalikuwa na uzio wake. Mgeni akizungushia nyumba yake ukuta, anasema naogopa wezi. Akizungushia mji mzima, anasema mimi ndiye mwenye mji. Walitaka sana faida ya kauli ya pili, lakini walijenga kwa kauli ya kwanza. Matokeo yake Tabora ikawa kama soko ambalo kila muuzaji ana kufuli lake kwenye kibanda chake, na soko lenyewe halina mlinzi.

Aliyekuja kulipima kufuli hilo ni Mirambo, mtemi wa Uyowa, upande wa magharibi. Alizaliwa mwaka 1840 hivi, na kwa kukusanya rugaruga, vijana wa vita wenye bunduki, aliunganisha sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa ya watemi wengi wadogo. Njia ya Ujiji ilipita kwake. Waarabu walipokataa masharti yake ikawa vita, na Agosti 1871 wakamwendea na watu zaidi ya elfu mbili, Stanley akiwa miongoni mwao. Waliteka vijiji kadhaa vyenye uzio. Kisha kundi la Soud bin Said liliiteka Wilyankuru, na lilipokuwa linarudi limeelemewa na pembe na mateka, Mirambo alilivamia njiani kutoka vichakani. Soud akauawa. Waliobaki wakakimbia hadi Tabora.

Mirambo akawafuata. Agosti 22 aliingia Tabora. Mfanyabiashara mmoja, Khamis bin Abdullah, alitoka na watu wake wachache kumkabili, akaachwa na wengi wao, akauawa. Wengine walijifungia. Na hapa ndipo maelezo ya vita yanapokuwa maelezo ya majengo. Stanley aliandika kwamba karibu robo ya mji iliteketea. Lakini matembe yaliyofungwa vizuri na kuwekewa bunduki yalisimama. Mirambo hakupoteza watu kuyapanda, hakuhitaji. Kati ya tembe na tembe palikuwa na mji mzima usio na ukuta: vibanda, nyumba za nyasi, ng'ombe, wanawake waliokuwa visimani. Ukuta ulimlinda aliyekuwa na ghala. Mwenye kibanda cha nje, aliyelima vitunguu vya bwana huyo, ndiye aliyeungua au kuchukuliwa.

Stanley siku hiyo alikuwa Kwihara akiona moshi. Alichofanya ni kazi ya uashi ya haraka ambayo ningempa alama nzuri. Alitoboa matundu ya kupigia bunduki ukutani. Alichimbisha mashimo ya wapiga bunduki nje. Aliingiza watu wapatao 150 wenye silaha, maji na chakula cha siku kadhaa. Halafu akabomoa vibanda na nyuzio zilizokuwa karibu na ukuta, ili adui asipate pa kujibanza. Hilo la mwisho ni gumu kulifanya, maana ni kuvunja nyumba za watu wako mwenyewe, lakini ni la lazima kwa ngome yoyote: ukuta usio na uwanja mtupu mbele yake ni nusu ya ukuta. Mirambo hakuja Kwihara. Akaondoka na alichokipata, na vita vikaendelea kwa miaka, njia ikifungwa na kufunguliwa.

Mirambo mwenyewe hakuishi kwa mpango wa matembe yaliyotapakaa. Makao yake makuu, Iselamagazi, katika nchi inayoitwa Urambo mpaka leo, yalikuwa mji mkubwa ndani ya ukuta mmoja, watu wakiwa ndani pamoja na mtawala. Hata miji ya jirani iliyokuwa chini yake ilikuwa mikubwa. Stanley alipokutana naye Aprili 1876 huko Serombo, wakachanjiana undugu, aliandika kwamba mji ule ulikuwa na vibanda vipatavyo elfu moja. Mtawala anayetegemea rugaruga hana budi kuwaweka ndani ya ukuta wake, wao na familia zao, la sivyo usiku watakwenda kulinda kwao. Alikufa Desemba 2, 1884, na dola yake haikudumu kama kuta zake.

Wa mwisho kujenga kwa namna hiyo kwetu alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe kuanzia 1876. Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890 kwa makubaliano na Waarabu, si na Isike. Isike alikuwa na ngome yake ya kuta nene za udongo, na ndani yake nyumba ya mtemi na ghala la baruti. Wajerumani waliishambulia mwaka 1892 wakashindwa. Januari 1893 akaletwa afisa wao Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, ambaye mwaka uliofuata alikuwa pia kwenye kuivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Iringa.

Watu wanaposikia mzinga wa Kizungu dhidi ya ukuta wa udongo hudhani ukuta ulimomonyoka kama mkate. Sivyo. Udongo mnene unaumeza mzinga mdogo vizuri kuliko jiwe, kwa sababu jiwe hupasuka na vipande vyake kuruka, udongo hubonyea. Ngome za namna hii zilikuwa zikianguka langoni na juu ya ukuta, watu wakipanda, na hasa pale waliomo ndani wanapokuwa hawawezi kuwapiga waliojibana chini ya ukuta. Askari walipoingia ndani kabisa, Isike alijifungia kwenye ghala la baruti pamoja na watu wa nyumbani mwake akaliwasha. Hakufa palepale, Wajerumani walimtoa wakamnyonga. Unaweza kusikia habari hiyo ikisimuliwa kwa namna nyingi Tabora, lakini wote wanakubaliana juu ya ghala la baruti. Kwenye mpango wa ngome huwekwa katikati kabisa, mahali salama kuliko pote, na ndiyo maana lilikuwa mahali pa mwisho pa kufikiwa.

Udhaifu huo wa chini ya ukuta Wajerumani waliujua, nao wakaujengea dawa. Boma zao za bara hazikutofautiana sana: mstatili wenye uwanja katikati, majengo yameegemea kuta kwa ndani, matundu ya bunduki juu, na kwenye pembe kitu kama mnara kilichochomoza nje ya mstari wa ukuta. Kuchomoza huko ndiko kila kitu. Mlinzi aliye kwenye pembe iliyochomoza anaona ubavu wa kuta mbili, na adui hana pa kujificha chini yake. Wareno walitumia kanuni hiyohiyo Mombasa walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano João Batista Cairato. Ukisimama kwenye pembe moja ya ile ngome utaona jinsi kila upande unavyolindwa na mwenzake. Ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696, ilichukua karibu miaka mitatu kuanguka, na maradhi na njaa vilifanya kazi kubwa kuliko risasi.

Boma la Tabora liliwekwa kwenye mwinuko juu ya mji. Bado lipo, na kwa kuwa eneo hilo liko mikononi mwa jeshi, simshauri mtu atoe kamera. Litazame kwa mbali ukijiuliza lile swali langu: nani kawekwa ndani na nani kaachwa nje. Ndani waliwekwa watawala, askari, fedha, bunduki na mahabusu. Mji wote uliachwa nje, chini, mahali unapoweza kutazamwa na, ikibidi, kupigwa. Tembe la Mwarabu lilimlinda mwenye mali dhidi ya mvamizi. Ukuta wa Mirambo ulimlinda mtawala pamoja na watu wake. Ukuta wa Boma ulimlinda mtawala dhidi ya watu wake. Hakuna mpango mwingine wa ujenzi unaoweza kusema hivyo waziwazi. Na mji ukapangwa upya kwa kutii mwinuko huo: barabara pana zilizonyooka, soko mahali pa kuonekana, miti pembeni.

Halafu ngome zikapitwa na wakati, zote kwa mpigo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mpagazi akakosa kazi ya njia, shehena ikahamia kwenye mabehewa, na kitovu cha mji kikavutwa kuelekea stesheni. Vita Kuu ilipokuja, karakana ya reli ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko Boma. Humo ndimo 1916 zilipogongwa zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, ambazo watu bado wanachimba vyoo vya zamani wakizitafuta. Mwezi Septemba mwaka huo Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliokuja kutoka Kongo walipigana na Wajerumani karibu na mji, huko Lulanguru na Itaga. Usiku wa kuamkia Septemba 19 Wajerumani waliuacha mji. Hawakujifungia bomani wakasubiri kuzingirwa. Mizinga ya wakati huo ilikuwa imeshazigeuza kuta za namna ile kuwa ofisi tu. Wabelgiji wakaingia asubuhi.

Siku hizi njia ya misafara imo kwenye orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inapendekeza yawe urithi wa dunia, tangu 2006, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwa mojawapo. Ni habari njema, ila huja na watu wenye nia njema na mifuko ya saruji. Kwa hiyo nitasema la kitaalamu kabla sijamaliza.

Ukuta wa udongo unapumua. Unyevu unaingia kutoka chini na kutoka juu, na unatoka kwa kupitia uso wa ukuta. Ukiupiga lipu ya saruji, unaufunga. Miaka miwili ya kwanza unapendeza sana, picha zinapigwa. Maji yanakaa nyuma ya lipu, udongo unalainika bila mtu kuona, lipu inaanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, kisha siku moja bamba zima linadondoka na nusu ya ukuta ikiwa imeshikamana nalo. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi za zamani katika hali hiyo, kila mwenye nyumba akilaumu udongo. Dawa ni lipu ya udongo wenye mchanga na makapi, au chokaa mahali inapopatikana, paa lililochomoza vya kutosha, na mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Mafundi wa kufanya hivyo wapo, wengine ni rika langu, na bado tunaweza kukaa kwenye kiti na kumwelekeza kijana mwenye magoti mazima. Msimu wa kufanya kazi hiyo ni Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mkavu na mvua haijaanza.